Miezi Minne na Fimbo Yangu ya Pool Jijini Mwanza

Kwa miaka sita nimecheza pool Kirumba na Mabatini kwa fimbo za ukumbini, zile zinazoegemezwa ukutani usiku na mchana, ambazo moja imepinda, nyingine imechakaa ngozi ya ncha, na ile nzima huwa tayari iko mikononi mwa mwenzako. Hatimaye nilinunua yangu, ya vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu, kwa shilingi 95,000 katika duka moja la vifaa vya michezo katikati ya jiji, na kwa kuwa nimeitumia karibu kila jioni kwa miezi minne, ninaweza kuieleza kwa uhakika.

Ni ya mti wa ash, ambao nyuzi zake huonekana kama vichwa vya mishale vilivyofuatana, ina urefu wa sentimita 145 na ncha ya milimita 9. Kipimo hicho kinafaa meza zetu ndogo zenye mipira ya milimita 51 hivi. Anayecheza kwenye meza kubwa za Kimarekani, ambazo mipira yake ina milimita 57, atahitaji ncha nene zaidi, ya karibu milimita 13. Kabla ya kulipa niliiunga na kuiviringisha juu ya kaunta ya kioo, na kwa kuwa ncha haikurukaruka, nilijua kwamba imenyooka.

Faida yake kubwa sikuitarajia. Kila jioni, kabla ya mchezo, huweka mpira mweupe peke yake katikati ya mstari wa kuanzia, nikaupiga taratibu uende hadi ukingo wa mbele na kurudi, nao unapaswa kuja kugusa ncha ya fimbo niliyoiacha palepale nilipomalizia kupiga. Wiki ya kwanza haukurudi hata mara moja. Kila pigo uliangukia kushoto, kwa kiasi cha upana wa mpira mmoja. Kwa fimbo ya ukumbini ningesema imepinda, nikachukua nyingine, na kosa lingebaki kuwa langu bila mimi kulijua. Sasa fimbo ilikuwa ileile na imenyooka, kwa hiyo ilinibidi nijitazame mwenyewe, ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa naupiga mpira pembeni kidogo, upande wa kushoto, ukajizungusha na kuacha njia ulipogonga ukingo. Chanzo kilikuwa kiganja kilichokaza fimbo mno. Nilipolegeza vidole na kushusha kidevu hadi karibu kuigusa fimbo, mpira ulianza kurudi, kwanza mara tatu katika kumi, na mwezi huu mara saba au nane.

Kasoro ipo, na si ndogo. Katika wiki ya tatu ngozi ya ncha ilibanduka katikati ya mchezo, na duka lilikataa kuhusika. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyeigandisha upya kwa gundi, akaikata kingo kwa kisu na kuisugua kwa msasa hadi ikawa na mviringo mdogo, kazi ambayo imedumu mpaka leo. Ngozi hiyo, ambayo asili yake inahusishwa na Mfaransa François Mingaud mwanzoni mwa karne ya 19, ndiyo inayoshika chaki na kumwezesha mchezaji kuupiga mpira chini ya katikati bila fimbo kuteleza. Tangu irekebishwe nimeweza kuurudisha mpira mweupe nyuma kwa umbali wa shubiri mbili hivi, jambo ambalo kwa fimbo za ukumbini lilitokea kwa bahati tu.

Ningeshauri anayecheza mara moja kwa wiki anunue chaki nzuri tu. Anayecheza kila siku ainunue fimbo, ila atenge fedha za ngozi ya akiba na begi gumu, kwa sababu begi la kitambaa linalokuja nayo halizuii unyevu wa ziwa wala kishindo cha bodaboda. Yangu naifuta kwa kitambaa kikavu kila ninaporudi, na sijawahi kuiacha juani ndani ya gari.