Kupima na kuchanja homa ya ini B, Mtwara mjini: sindano safi, majibu nusu

Zahanati hii binafsi inapima na kuchanja siku hiyohiyo. Sindano wanaijua, kinachowashinda ni kinachofuata baada ya majibu.

Wanapima kwanza, na hilo ni sahihi: aliyekwisha kuwa na virusi chanjo haimsaidii, ni kumlia hela tu. Kipimo cha haraka hakisomwi kabla ya dakika 15, maana mstari hafifu huchelewa kujitokeza. Mtu mzima anachomwa mililita 1 kwenye msuli wa juu ya mkono, si kalioni, ambako dozi huishia kwenye mafuta na kinga ikawa dhaifu. Dozi ni tatu: leo, mwezi wa 1, mwezi wa 6. Jokofu lina kipimajoto na daftari, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika (na hapa Mtwara hilo si la kuuliza) wanahamishia kwenye boksi la baridi, vichupa vikitengwa na barafu. Chanjo hii ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena.

Ukikutwa na virusi, unapewa karatasi na kuambiwa "ule vizuri". Basi. Hakuna tarehe ya kurudia kipimo baada ya miezi 6 ili ijulikane kama vimekuwa sugu, yaani vimebaki mwilini, wala rufaa ya kupima utendaji wa ini na wingi wa virusi. Kirusi hiki hujipachika kwenye vinasaba vya seli za ini, ndiyo maana saratani yaweza kuanza hata kwenye ini lisilo na makovu, mtu akiwa hana maumivu yoyote. Anayengoja macho ya njano au tumbo kujaa maji mara nyingi amechelewa. Walio kwenye hatari kubwa hupigwa ultrasaundi kila miezi 6, na wanaostahili huanzishiwa kidonge cha kufubaza virusi, kimoja kwa siku. Kinapunguza hatari ya saratani, hakiifuti.

Sumukuvu nayo hawaigusi kabisa, huku kisamvu cha karanga kikiliwa kila nyumba! Sumu ya ukungu wa karanga na mahindi ikikutana na virusi hivi, hatari ya saratani huzidishana. Kupika hakuiondoi.

Kwa uliyezaliwa kabla ya 2002, mwaka chanjo hii ilipoingizwa kwa watoto nchini, kachanjwe hapo. Ukikutwa na virusi, beba karatasi yako hadi hospitali ya rufaa, uombe vipimo hivyo viwili kwa majina yake. Mwenzi wako na watoto wapimwe wiki hiyohiyo.