Kikoba au vipande vya Mfuko wa Umoja kwa mwenye kipato kidogo

Mlinzi wa Dar es Salaam anayebakiwa na shilingi 10,000 kwa wiki, baada ya kodi ya chumba na unga, ana njia mbili za kuweka akiba zilizo karibu naye. Katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wanachama hununua hisa kila juma mbele ya sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Mtoto akiugua, mwanachama hukopa, kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa zake, bila kudaiwa hati ya nyumba. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya kusimamia uwekezaji, ulioanzishwa mwaka 2005, huwekeza fedha za wengi katika hisa za makampuni na hati fungani (mikopo kwa serikali au makampuni), lakini bei ya vipande, yaani sehemu za mfuko anazonunua mwekezaji, hupanda na kushuka, na malipo ya kuviuza husubiriwa siku kadhaa.

Kwa maoni yangu, asiye na akiba ya dharura aanze na kikoba, kwani dharura ikimlazimu kukopa kwa wakopeshaji wa mtaani, riba yao humeza faida yoyote ya vipande. Hata hivyo, kikoba hugawanya fedha kila mwisho wa mzunguko, nazo (nimeliona hili mara nyingi) huishia kwenye sikukuu na ada, ilhali vipande vinaweza kutulia miaka 10. Kwa hiyo sehemu ya mgao huo, hata robo, inafaa ihamishiwe huko.