Kumtafuta mdogo wangu kwenye jela ya kaunti: msilipe

Mdogo wangu alikamatwa Texas, Marekani, kaunti ya mashambani, kwa kuendesha gari bila leseni. Mama hakulala siku mbili hapa Majengo. Nikaenda stashenari moja karibu na stendi ya Moshi, tukafungua tovuti ya kwanza iliyotokea, rekodi za wafungwa kwa dola 20. Tukalipa kwa kadi ya shemeji. Ikaleta anwani yake ya zamani na picha ya mtu mwingine kabisa. Nyota moja, na hata hiyo inaniuma.

Kilichonisaidia ni cha bure. Kule mahabusu hukaa jela ya kaunti, chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, si gereza la jimbo. Ukimtafuta kwenye tovuti ya magereza ya jimbo humpati. Nikajaribu VINELink, tovuti ya kutafuta walioko kizuizini, ambayo ni bure. Mfumo wake ulianzia Kentucky mwaka 1994, kuwaarifu wahanga mshitakiwa akiachiwa. Hakuonekana. Basi nikapiga simu kwa sherifu mwenyewe, saa tatu usiku yetu, kwao mchana. Dada aliyepokea akaniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akatafuta kwa tarehe, akasema yupo. Walikuwa wameiacha M ya kwanza ya jina la ukoo wetu! Akanitajia dhamana na namba ya kesi, akanisomea mara mbili taratibu niandike. Nilipomtafuta tena VINELink bila ile M, akatokea.

Huyo dada nampa nyota zote tano. Mama alimwombea usiku uleule.