Mafuta UTTO ya trakta, bidoni ya litre 20: nyota ine juu ya tano

Minaandika hii juu ya batu beko na trakta kiloko ku shamba, ku route Kasenga, ku Kipushi, fasi yote ya hapa Lubumbashi. Nilinunua UTTO bidoni mbili mu duka ya piyesi mu ville, kwa Kubota yangu L3301, na vidange (kubadilisha mafuta) nilijifanyia mwenyewe ku nyumba.

UTTO njo mafuta moja yenye kutumika kazi tatu: inanyanyua mikono ya nyuma, inalainisha magia, tena inapoza freni, juu freni ya hizi trakta iko inaogelea ndani ya mafuta. Na hapa njo shida ya Lubumbashi inaanza. Huku ni muji ya mine, mafuta ya idroliki haikosekanaka, lakini ni 46 na 68 (namba ya uzito wa mafuta) ya mapele na mamashini mikubwa, na muuzaji atakuambia tu papa, idroliki ni idroliki, kamata hii bei iko chini. Musikubali. Ile 46 itanyanyua mikono vizuri kabisa, unaweza hata kusema muuzaji alikuwa na haki, lakini haina ile dawa ya kusaidia masahani ya freni ikamatane pole pole, basi freni inaanza kulia na kushtuka. Mutazame nyuma ya bidoni: yangu iliandikwa Kubota UDT, J20C ya John Deere na M1145 ya Massey Ferguson, njo majina ya mafuta yenye makampuni ya trakta inaomba. Kama trakta ingali na garanti, mulipe tu Super UDT2 ya Kubota yenyewe, hapana kubishana na kitabu.

Ku kazi sasa. Mafuta ya zamani ilimwagika bila matata, trakta ikiwa imetembea kidogo ili ipate moto, fasi ya sawasawa, mikono chini, bufunguo ku mufuko. Vifuniko vya chini haiko kimoja, muzunguke muifungule yote, la sivyo mafuta muchafu inabakia ndani na mutaichanganya na mupya. Ku fasi yenye sumaku nilikuta utope mweusi laini wa chuma, unapanguka na kitambaa, ile ni kawaida, kama mutakuta bipande yenye kukwaruza kidole njo mutafute fundi. Ya zamani yangu ilitoka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji iliingia, mvua ya huku munaijua. Filtre munapakaa mafuta ku mupira wake, munakaza na mukono, chombo hapana.

Kisha kujaza, muwashe, munyanyue mikono na kuishusha mara mingi, muzime, mungoje kidogo, mupime tena. Kipimo kitashuka, juu filtre na mabomba ilikuwa empty, munaongeza.

Nimeitumikisha tangu mwezi wa sita. Asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya Juillet, mikono inapanda bila kungojea, na freni inakamata kimya. Kwa mafuta yenyewe sina maneno.

Nyota moja ninatosha ku bidoni. Haina mudomo ya kumiminia, na tundu ya kujazia ya trakta iko kiloko, bila antonuari ya murefu mutaoga. Tena litre 20 haijaze ile trakta, na hawauzaki kopo ya litre 5, kwa hiyo mulipe bidoni mbili na ya pili inabakia mingi. Mimi ile ya kubakia nimeifunga nguvu, fasi haina vumbi, kwa kuongezea. Ya zamani niliirudisha mu bidoni ya kwanza, jirani yangu anapakaaka nayo mbao za kiwanja ya ng'ombe, lakini ku mutaro hapana kumwaga.

Bei iko juu kupita 46, hiyo ni kweli. Masahani ya freni mupya, na kazi ya kufungula nyuma yote ya trakta, muulize bei yake mbele ya kusema UTTO iko ghali.