Viboko wa Sabaki: tathmini ya matembezi ya jioni

Huduma ninayoitathmini ni matembezi ya jioni ya kuwatazama viboko katika mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, yakiongozwa na vijana wa vijiji vya jirani. Atakayekwenda akitaraji kumwona mnyama mzima huenda akavunjika moyo, kwa sababu mchana kiboko huonyesha masikio, macho na pua tu juu ya maji yale ya tope jekundu. Thamani ya matembezi haya imo katika maelezo ya kiongozi, na hayo mengi huyatoa nchi kavu.

Alianzia kwenye njia ya viboko iliyochimbika ukingoni, akaeleza kwamba kiboko, ijapokuwa hushinda majini, riziki yake iko juu: hutoka giza linapoingia, akajilisha peke yake kwa saa tano au sita na kula nyasi zipatazo kilo 40. Alituonyesha mahali palipolishwa, nyasi zikiwa fupi kama zilizonyolewa, kazi ifanywayo na midomo mipana, wala si yale meno marefu ambayo ni silaha ya madume kupigania. Kilo 40 ni chakula kidogo kwa dume lenye uzito wa kilo 1,500 au zaidi, ila mnyama anayeshinda amejilaza majini hatumii nguvu nyingi. (Mwenye shamba la mahindi kando ya mto, nadhani, angelisimulia habari hiyo kwa hasira zaidi.)

Palipokosewa ni pale tulipoambiwa kwamba kiboko hutoka jasho la damu. Hilo si jasho wala si damu. Ni ute mwekundu wa tezi za ngozi, unaoikinga na jua na vijidudu. Ngozi hiyo hupoteza maji upesi ikikaa juani, na ndiyo maana malisho yake ni ya usiku.

Kuhusu usalama sina lawama. Kiongozi alikataa katakata kutusimamisha baina ya njia ile na mto, ingawa mgeni mmoja alimsihi kwa ajili ya picha, kwani kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini hushambulia, na mbio zake huwashinda watu wengi. Darubini ilikuwa moja kwa kundi zima, jambo lisilotosha. Bei nayo haikuandikwa popote, hivyo ni vyema kupatana kabla ya kuondoka.