WordPress kwa biashara ndogo: kuapdeti ni rahisi, shida ni kwamba haikukumbushi

Natunza tovuti za biashara ndogo ndogo, karibu zote ziko WordPress (programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti), na swali naloulizwa kila leo ni kama hii kitu inamfaa mtu asiye na fundi wa kudumu na hataki tovuti yake ichakae. Mimi nasema inafaa, naipa nyota nne kati ya tano, ila hiyo moja niliyoikata ina sababu zake na ndo maana naandika. Naongelea ile ya bure unayoiweka mwenyewe kwenye hostingi yako (nafasi unayokodi ili tovuti ikae hewani), sio huduma ya wordpress.com ambayo mambo mengi wanakufanyia wao.

Sifa kwanza. Kubadilisha maneno ni kazi ya dakika. Unaingia, unafungua ukurasa, unafuta saa za kazi za zamani unaandika mpya, unabofya kuhifadhi, kwisha habari. Ile ediita ya vibloki (unapanga ukurasa kipande kipande) iliyokuja na toleo la 5.0 Desemba 2018 watu waliilalamikia sana, na wapo ambao mpaka leo wameng'ang'ania ya zamani kwa plagini (kiongezeo cha programu), lakini kwa mwenye duka asiyejua koding hata mstari mmoja naona ilimsaidia. Ukiharibu ukurasa, matoleo yake ya nyuma yapo, unachagua la jana unalirudisha.

Alafu kuna kitu wengi hawakitumii kabisa na kwangu ndo bora kuliko vyote, pateni zilizosawazishwa (kabla ya toleo la 6.3 la mwaka 2023 ziliitwa vibloki vya kutumia tena). Unatengeneza kibloki kimoja chenye namba ya simu, mahali mlipo na saa za kufungua, unakiweka kila ukurasa unaohitaji, siku namba ikibadilika unarekebisha sehemu moja tu na kurasa zote zinafuata. Tovuti nyingi nazopokea zina namba ya simu imeandikwa kwa mkono kurasa tano sita tofauti, na ukikuta hivyo ujue kuna ukurasa mmoja una namba iliyokufa zamani, mteja anapiga haipatikani anahamia kwa jirani.

Sasa nyota niliyokata. Dashibodi, ule ukurasa wa kuendeshea tovuti, inapiga kelele kwa mambo ya programu tu. Plagini ikitoa toleo jipya unaona kinamba kinakukodolea macho, themu (muundo wa sura ya tovuti) vivyo hivyo, lakini ukurasa wa bei ambao haujaguswa miaka mitatu? Kimya. Na mbaya zaidi ukifungua orodha ya kurasa, ile safu ya tarehe inakuonyesha siku ukurasa ulipochapishwa, sio siku ulipoguswa mwisho, kwa hiyo hata ukitaka kukagua upi umelala inabidi ufungue mmoja mmoja au utafute plagini ya kukuongezea hiyo safu. Kitu kidogo hivyo jamani, na programu yenyewe ipo tangu 2003!

Mafaili nayo. Watu wanapenda kupakia orodha ya bei kama PDF, sawa, ila ukipakia mpya haifuti ya zamani. WordPress yenyewe haina kitufe cha kubadilisha faili juu ya faili, ukipakia lenye jina lile lile inaliongezea namba mwishoni na lile la kwanza linabaki hewani na anwani yake ile ile. Google kama ilishaliona itaendelea kulionyesha, ndo unapata mteja amesimama mbele yako na simu mkononi anakuonyesha bei ya mwaka juzi, na huwezi kumwambia anadanganya maana iko kwenye tovuti yako mwenyewe. Ushauri wangu bei ziandike kwenye ukurasa wa kawaida, PDF achana nayo, na kama zipo za zamani ingia kwenye maktaba ya picha na mafaili uzifute kabisa.

Upande wa usalama wamejitahidi, lazima niseme. Apdeti ndogo zinajiweka zenyewe tangu toleo la 3.7 la 2013, plagini na themu unaweza kuziruhusu zijiapdeti tangu 5.5 ya 2020, na kuanzia 6.6 ya 2024 plagini ikijiapdeti yenyewe ikaleta hitilafu ya kuangusha tovuti inarudishwa toleo la nyuma bila wewe kugusa kitu. Hapo ila usilale, kwa sababu haiwezi kujua kwamba fomu ya mawasiliano imeacha kutuma barua pepe. Tovuti inafunguka vizuri, inapendeza, na maulizo ya wateja yanaishia hewani. Kila baada ya apdeti jaza fomu yako mwenyewe uone kama ujumbe unafika, hiyo hakuna wa kukufanyia.

Na angalia ile barua pepe ya msimamizi kwenye mipangilio ni ya nani. Tovuti ikipasuka, WordPress inatuma huko linki ya kuingilia kwa dharura, sasa kama ni ya yule fundi aliyeijenga akaondoka zake, utakaa unasubiri. Kuna jamaa mmoja namtunzia, alikuwa analipia watu wengine huduma ya matunzo kila mwezi na ripoti inakuja nzuri, eti kila kitu kimeapdetiwa, na ilikuwa kweli, ila picha za wafanyakazi walioacha kazi bado ziko pale zinatabasamu. Mkataba ulisema plagini, haukusema habari. Ukitafuta mtu wa kukutunzia muulize hilo kabla ya kulipa.

Kupanga posti itoke siku fulani kupo, ila inategemea mtu aitembelee tovuti ndo saa ya ndani iamke, kwa hiyo tovuti isiyo na wageni wengi tangazo la asubuhi linaweza kutoka mchana. Mwenye hostingi nzuri anaweza kukuwekea kazi ya kroni halisi (saa ya seva inayoiamsha tovuti kwa wakati hata bila mgeni).

Nani asiisumbukie: kama biashara yako inahitaji ukurasa mmoja tu wenye simu, saa na ramani, WordPress ni mzigo wa kulea plagini bila sababu, chukua kitu chepesi zaidi. Na kama unaichukua lakini hujui utaandika nini kwenye ile sehemu ya habari mpya, iondoe kwenye menyu leo leo, habari "mpya" ya miaka minne iliyopita inamfanya mteja ajiulize kama bado mpo.