Alama ya kijani ilininywesha chai, Mama mdogo yuko juu ya meza

Sina ugomvi na mvua. Ukizaliwa Kigogo, Dar es Salaam, unajua mto Msimbazi ukijaa unakuja kudai njia yake. Ugomvi wangu ni na kile kitufe cha "yuko salama" kwenye mtandao mmoja ambao jina silitaji, hata wewe unao kwenye simu. Kati ya nyota tano nakipa moja.

Ilikuwa masika, katikati ya wiki, niko dukani Kariakoo. Mvua ilianza usiku. Kufika saa nne asubuhi barabara ya Jangwani imefungwa, mabasi ya mwendokasi hayavuki, na Mama mdogo hapatikani. Anaishi peke yake, hatua chache kutoka mtoni. Nikapiga, nikapiga. Ujumbe tiki moja. Mara mtandao ukaniletea taarifa: ndugu na marafiki zako walioko kwenye mafuriko. Nikafungua. Jina la Mama mdogo (akaunti nilimfungulia mwenyewe, aangalie taarab), picha yake ya Idi, na pembeni alama ya kijani: yuko salama.

Moyo ukatulia. Nikaacha kupiga simu. Nikaagiza chai na chapati mbili. Someni tena hapo: nikaacha kupiga simu! Karibu saa nzima nabishana na mteja bei ya vitenge, kumbe mwanamke aliyenilea amesimama juu ya meza ya kulia chakula, simu ilishaingia maji.

Alama ile hakuiweka yeye. Programu ilimruhusu rafiki yako yeyote wa mtandaoni akusemee kwamba uko salama, na aliyemsemea ni binamu yangu aliyeko Muscat. Nikampigia.

"Umeongea na Mama mdogo?"

"Sijaongea naye, ila kwake maji huwa hayafiki."

"Nani kakwambia?"

"Kaka, usinipandishie. Nilikuwa nawapunguzia presha."

Kutupunguzia presha! Mtu hajakanyaga Kigogo tangu mwendokasi haijaanza, halafu mtandao unamkabidhi mhuri. Haukumuuliza umemwona wapi, umesikia sauti yake saa ngapi. Bonyeza, kijani, basi. Hata mjumbe wa nyumba kumi angekuuliza maswali mawili. Mafuriko ya Desemba 2011, yale ambayo baada yake watu wa bondeni walipelekwa Mabwepande, tulitafutana kwa miguu, mlango kwa mlango, na hakuna aliyehesabiwa mzima mpaka aitike mwenyewe.

Haya, haki yake nao niupe. Nilipoanza kuhangaika upya, ni mtandao huohuo ulionionyesha Mama mdogo. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa anarusha video mubashara, picha inakatakata, na kule nyuma, dirishani, naona dera la njano na kichwa cha cherehani kimekumbatiwa kama mtoto mchanga. Mama mdogo! Anafoka: "Weka hiyo simu, njoo ushike cherehani!" Nikaandika chini ya video, vidole vinatetemeka, kwamba huyo ni mama yangu, mvusheni. Haikupita muda watu nisiowajua wakaanza kujibu. Ameshatolewa. Yuko shuleni, kwenye madarasa. Mmoja akaongeza kwamba cherehani nayo imevuka. Nililia mbele ya wateja.

Kwa hiyo nyota tatu? Kijana yule nampa tano zote, japo alichelewa kuweka simu chini. Lakini nikitulia naona video ile haikuwa kazi ya kitufe. Ni umbea wa mtaa, na umbea wa Kigogo ulikuwapo kabla intaneti haijaja. Narudi kwenye moja. Moja na nusu, maana ikinyesha tena najijua, nitafungua tu kuangalia nani kawa kijani.

Jioni nilifika pale shuleni, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamwonyesha Mama mdogo alama yake. Akaazima miwani ya jirani, akasoma taratibu, akasoma tena.

"Salama ya nani hii?"

Nikamweleza habari ya binamu. Akanyamaza kidogo, akaitazama cherehani iliyokuwa inachuruzika maji kwenye dawati.

"Muulize huyo wa Muscat, na hii anaweza kuibonyeza ikauka?"